Mjadala: Michezo ya vitalu ya kwenye kivinjari izuiwe au ifunguliwe kwenye maabara za shule?

Mwanzisha mada
Kuna michezo ya bure ya vitalu inayofunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote: unachimba, unajenga, unajihami usiku, na wenzako wanaingia kwa msimbo wa chumba. Wapo wanaotaka kichujio cha shule kizuie anwani zote za aina hiyo, na wapo wanaotaka ifunguliwe. Mimi nasema ifunguliwe kwa masharti. Leteni hoja zenye maelezo ya kiufundi. "Michezo inapotosha" na "waacheni watoto wacheze" tumeshazisikia.

Mlinda Mtandao
Nasimama upande wa kuzuia, na sababu yangu si nidhamu. Michezo hii ikichezwa kwa pamoja, mara nyingi hupita kwenye WebSocket iliyosimbwa (njia ya mawasiliano ya papo kwa papo kati ya kivinjari na seva), bandari 443, ileile ya kurasa za kawaida za masomo. Kichujio kisichofumbua usimbaji kinaona jina la seva tu. Hakijui kama mtoto anajenga nyumba au anaandikiana na mtu mzima asiyemfahamu. Mingine inatumia WebRTC, yaani vivinjari vinaunganishwa moja kwa moja, na hapo anwani ya IP ya shule inaweza kumfikia kila aliyemo chumbani. Msimbo wa chumba wa herufi 4 una michanganyiko 456,976; seva isipoweka kikomo cha majaribio, programu ndogo inaipitia yote. Msimamizi hawezi kubebeshwa dhamana ya kitu asichokiona.

Mwalimu wa Hesabu
Ndugu Mlinda, hatari hizo ni za chumba kilicho wazi kwa dunia nzima. Chumba cha wanafunzi wanne wa darasa moja ni habari nyingine, na tukikizuia tunapoteza kitu. Chukua kanuni za Minecraft, mchezo maarufu wa vitalu, ambazo michezo mingi ya aina hii inazifuata: gogo 1 hutoa mbao 4, meza ya ufundi inakula mbao 4, mbao 2 hutoa vijiti 4, na sururu ya mbao inataka mbao 3 na vijiti 2. Mchezaji aliye peke yake anahitaji mbao 9, hivyo magogo 3. Wanne wakicheza kila mtu kivyake wanakata magogo 12. Wakitumia meza moja: mbao 4 za meza, 12 za sururu, 4 za vijiti 8; jumla 20, yaani magogo 5 bila kubaki hata ubao. Wamepunguza magogo 7 kwa kukaa meza moja, na wanayaona kwa macho.

Na muda unabana. Siku nzima ya Minecraft ni dakika 20, mchana wake dakika 10 tu. Kipindi cha dakika 40 kinaingiza siku mbili: ya kwanza giza linawakuta hawajajipanga, ya pili wanagawana kazi. Mmoja magogo, mmoja mawe 8 ya tanuri, mmoja makaa (kipande 1 na kijiti 1 hutoa mienge 4), mmoja chakula. Hakuna zoezi la ubaoni linalowafanya watoto wabishane kuhusu uwiano kwa bidii hiyo.

Fundi wa Maabara
Pande zote mbili zinaruka yale yanayoharibika kweli kipindini.

La kwanza ni dunia kupotea. Michezo mingi ya bure haihifadhi dunia kwenye seva, inaihifadhi kwenye IndexedDB, ghala la data lililo ndani ya kivinjari. Hifadhi hiyo imefungwa kwa anwani kamili ya tovuti, kwa hiyo ukihama kutoka http kwenda https dunia haionekani tena ingawa bado ipo. Ukifunga dirisha la faragha inafutwa. Mashine zinazorudishwa hali ya awali kila zinapowashwa nazo zinaifuta. Safari, tangu 2020, huondoa data ya aina hii baada ya siku 7 za kutumia kivinjari bila kugusa tovuti husika. Dawa ni kuitoa dunia kama faili kabla ya kengele. Mchezo usio na kitufe hicho msiupokee kabisa.

La pili ni Ctrl+W. Anayekimbia kwa Ctrl huku akisonga mbele kwa W anafunga kichupo, na kwenye dirisha la kawaida la Chrome mchezo hauwezi kuizuia amri hiyo. Aliyefunga akiwa ndiye mwenyeji wa chumba cha WebRTC, wote wanatupwa nje. Hamishieni kukimbia kwenye kitufe kingine kabla ya kuanza. Mwenyeji pia asihamie kichupo kingine: kichupo kilichofichwa hakichorwi, na vipima muda vyake vinaweza kupunguzwa kasi. Hapo wenzake wanaona wanyama wameganda, na vitalu walivyovunja vinarudi.

Kuhusu kukwamakwama, fungua chrome://gpu. WebGL (njia ya kivinjari ya kuchora michoro ya 3D) ikiandikwa kuwa inaendeshwa na programu tu, prosesa ndiyo inayochora. Washa uharakishaji wa michoro kwenye mipangilio ya kivinjari. Kisha punguza umbali wa kuona. Umbali wa 8 ni vipande vya ramani 17 × 17, yaani 289. Umbali wa 4 ni 9 × 9, vipande 81 tu. Mashine dhaifu haihitaji zaidi ya hapo.

Mzazi
Mmezungumzia mashine, ila huo ubure nao una mlipaji. Mara nyingi ni matangazo, na matangazo hufuatilia. Sheria ya Marekani ya COPPA, ya 1998, inataka idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13. Shule inayofungua mchezo bila kusoma sera ya faragha inatoa idhini ambayo si yake.

Mwanzisha mada
Nakubaliana nawe, Mzazi. Ila tazameni zuio linazaa nini. Ukizuia anwani rasmi, wanafunzi wanatafuta tovuti zinazojinadi kuwa hazijazuiwa. Hizo ni nakala zilizopachikwa matangazo ya mtu mwingine, vitufe bandia vya kupakua na maombi ya kutuma arifa. Msimbo wa programu unaoendeshwa pale haujulikani umebadilishwa nini.

Msanifu Michezo
Tutenganishe pia aina zake. Wazo la dunia ya vitalu si mali ya kampuni moja. Infiniminer, mchezo wa vitalu wa Zachary Barth, ilikuwepo kabla ya Minecraft kutoka hadharani Mei 2009. Mchezo ulioandikwa upya kuanzia mwanzo kwa picha zake wenyewe ni kitu kimoja. Eaglercraft, iliyohamishia kwenye kivinjari matoleo ya 1.5.2 na 1.8.8 ya Minecraft yenyewe, ni kitu kingine, na shule isiiguse.

Mlinda Mtandao
Basi masharti yangu ni haya: seva iwe ndani ya mtandao wa shule, gumzo lizimwe, moto na baruti vizimwe, nakala ya dunia ichukuliwe kila dakika 10 ili anayebomoa kazi ya wenzake asiimalize, na anwani moja tu iruhusiwe. Bila hayo, zuio libaki.

Msanifu Michezo
Yanawezekana, ila kuna mtego. Ukurasa uliofunguliwa kwa https kutoka nje hauruhusiwi kuunganika na seva ya ndani kwa ws://, yaani WebSocket isiyosimbwa; kivinjari kinakataa, na wengi wanadhani seva imekufa. Ama ukurasa wenyewe utolewe na seva hiyohiyo ya ndani, ama seva ipewe cheti na itumie wss, ile iliyosimbwa. Ukiona "mixed content" (yaani ukurasa salama umechanganywa na kiungo kisichosimbwa) kwenye konsoli ya kivinjari, usiguse faiwoli. Tatizo liko hapo.