"Mbona ile haijaanguka?" Nimechoka na huu ulipuaji wa kazi unaofichwa kwa plasta

Wakuu, hili jambo nimelibeba kifuani siku nne na leo nalitoa. Kama kuna fundi au msimamizi humu litamchoma, limchome tu.

Mimi nasimamia zege. Wiki iliyopita tulifungua boksi la nguzo ya chini kwenye jengo la ghorofa tatu. Ni nguzo ya kona, bimu mbili zinakutana juu yake. Mbao zilipotoka, usawa wa goti nikakuta tundu. Msidhani nasema vile vijishimo vya hewa ambavyo kila zege linavyo. Kokoto zilikuwa zimekaa tupu kabisa, hakuna simenti iliyozishika, na kidole kilipita mpaka kikagusa nondo. Nikachukua msumari nikachokonoa kidogo tu, kokoto nne zikadondoka miguuni pangu. Kwenye nguzo inayobeba jengo!

Ilikuwaje? Mashine ya kutetemesha zege ilikuwa imeharibika tangu asubuhi. Badala ya kusubiri nyingine, vijana wakaongeza maji ili zege lishuke lenyewe. Mimi nilikuwa pembeni nahesabu nondo za slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, niliporudi nguzo tatu zimeshajazwa. Nikamuuliza kijana wa kuchanganya, akanijibu bila kupepesa macho: "Mzee, zege lilikuwa gumu, tukalilainisha kidogo."

Kidogo! Mfuko wa simenti wa kilo 50 kwenye mchanganyiko wa kawaida unachukua maji kama lita 25, na hapo umeshahesabu unyevu ulioko kwenye mchanga. Ukiongeza lita 5 tu, umepoteza karibu moja ya tano ya nguvu ya zege lako, na hairudi hata umwagilie mwezi mzima. Simenti inakula maji inayohitaji, yanayobaki yanakauka na kuacha vitundu visivyohesabika ndani. Halafu zege la majimaji ukilimwaga kutoka juu ya boksi, mawe yanatangulia chini, uji wa simenti unachuruzika kwenye nafasi za mbao. Ndiyo maana tundu lile likatokea pale pale lilipotokea. Mtu yeyote aliyewahi kushika koleo anajua hili. Wanajua! Hicho ndicho kinachoniuma kuliko yote.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mkubwa wa kazi akaja, akainama, akaangalia tundu kama sekunde tano. "Zibeni na udongo wa simenti, pigeni plasta, kesho tupande juu." Nikamwambia bosi, hii nguzo inavunjwa, na zile mbili nyingine zinapimwa kabla hatujapandisha kitu. Akanitazama kama nimemtukana. "Unatuchelewesha. Kazi iliyopita tuliziba hivi hivi, mbona haijaanguka?"

Hii sentensi nimeisikia miaka yote kwenye kazi hii. Mbona haijaanguka. Ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo, zilichorwa kila sentimita 15, zikafungwa kila 30, mbona haijaanguka. Mirunda, ile miti inayoshikilia slabu kwa chini, ikatolewa siku ya tano kwa sababu inahitajika mahali pengine, mbona haijaanguka. Zege la siku 7 ndiyo kwanza limefika kama theluthi mbili ya nguvu ya siku 28, hilo la siku 5 ni chini ya hapo. Lakini kwa kuwa slabu ilisimama siku ile, basi imekuwa kanuni, na mara nyingine mirunda inatolewa siku ya nne. Hakuna anayejiuliza slabu ile ilibakiwa na akiba gani. Jengo likiwa tupu linabeba uzito wake tu. Watu, vitu vyao na tangi la maji bado havijaingia.

Nani alisema jengo lazima lianguke siku ile ile ndipo ujue umekosea?

Kuna ajali moja ya ndege ambayo huwa nawasimulia vijana wangu. Mwaka 1979, ndege aina ya DC-10 ya American Airlines iliangusha injini ya kushoto wakati inaruka kutoka Chicago, wakafa watu 273 wakiwemo wawili waliokuwa ardhini. Mtengenezaji wa ndege alikuwa ameelekeza kwamba injini itolewe kwanza peke yake, kisha mkono unaoishikilia kwenye bawa. Wenye kazi wakaona ni mzunguko. Wakawa wanashusha injini na mkono wake kwa pamoja, wameubeba mzigo wote juu ya gari la kunyanyulia mizigo. Vitu vya kufungua vikapungua kutoka 79 hadi 27, na kila ndege ikaokoa kama saa 200 za kazi. Ukisikia hivyo unaweza kumpa mtu tuzo. Ila gari lile haliwezi kukaa sawasawa kwa usahihi unaotakiwa, na kwenye kurudisha mzigo, chuma cha kushikia kikagongwa na kupasuka. Ufa ule uliingia mwishoni mwa mwezi Machi. Ndege ikaendelea kuruka wiki nane, abiria wanapanda, wanashuka. Wiki nane nzima za "mbona haijaanguka". Tarehe 25 Mei ikaanguka.

Na ile ya Japan Airlines ya 1985 iliyoua watu 520 ilikaa muda mrefu zaidi. Ukuta wa nyuma unaozuia presha ya hewa ulikarabatiwa vibaya mwaka 1978, mzigo uliopaswa kubebwa na safu mbili za ribiti ukabebwa na moja. Ndege ikaruka miaka saba, safari zaidi ya 12,000. Wewe bosi unayenitolea ushahidi wa jengo la mwaka juzi, hiyo miaka saba ungeiitaje?

Wanaopenda kufungua boksi mapema nao wasome habari za Willow Island, Marekani, tarehe 27 Aprili 1978. Walikuwa wanajenga mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme, na jukwaa la wafanyakazi lilikuwa limeshikizwa kwenye zege la mnara wenyewe. Zege lililomwagwa jana yake halikuwa na nguvu ya kubeba. Jukwaa lilimenyeka kutoka juu likazunguka mnara wote, wakafa mafundi 51. Wote walikuwa wafanyakazi, watu kama sisi, waliopanda asubuhi wakiamini zege la jana.

Simlaumu yule kijana peke yake, niseme ukweli. Analipwa kwa kazi iliyoisha, mashine ni mbovu, na anayemsimamia anamfokea kila akisimama. Angesubiri mashine mpaka saa nane angeambiwa mvivu. Aliyepanga nguzo tatu zimwagwe kabla ya saa sita, huku akijua mashine ni moja tu na ina wiki inakohoa, huyo ndiye mwenye kosa, na jina lake halitaonekana popote. Fundi anayelipua anaitwa mwepesi. Anayekagua anaitwa mkorofi. Nimeshaitwa hivyo mara nyingi kiasi kwamba kuna vijana wanadhani ndilo jina langu.

Tena asije mtu hapa kuniambia sipendi kuharakisha. Napenda sana! Kunja ringi zote wiki moja kabla. Tengeneza boksi linalofunguka vizuri ulitumie mara kumi. Leta kokoto usiku ili asubuhi pasiwe na kusubiriana. Kuna namna nyingi za kuokoa muda ambazo hazigusi kinachobeba mzigo. Lakini huko kunahitaji mtu akae chini apange, na kuongeza ndoo ya maji hakuhitaji chochote.

Kilichotokea mwisho ni hiki. Niligoma kuandika jina langu kwenye karatasi ya ukaguzi. Kesho yake nikaambiwa nisifike pale, kuna msimamizi mwingine anakuja. Juzi nikapita kwa nje. Nguzo imepigwa plasta, imenyooka, inapendeza kuitazama. Usingejua. Juu yake wameshafunga boksi la bimu na mirunda imepangwa tayari kwa slabu, na kwenye kivuli chake kuna mtoto wa mama mmoja anayewauzia mafundi chakula, ameegemea pale pale ilipo plasta mpya, anachezea mchanga.

Sikulala usiku ule.

Picha za lile tundu ninazo, zina tarehe, na kwenye moja kidole changu kimezama mpaka fundo la kwanza. Mwenye jengo sijawahi kuonana naye uso kwa uso, kila kitu kilipitia kwa mkubwa wa kazi, ila nimeshajua anapopatikana. Kesho asubuhi nampelekea mwenyewe mkononi kabla hawajamwaga slabu, na nakala naipeleka kwa wakaguzi wa majengo. Wahandisi mlioko humu, nisaidieni jambo moja usiku huu: kwa nguzo ambayo imeshapigwa plasta, nimwambie adai kipimo gani kwanza, ile nyundo ya kupimia uso wa zege au ikatwe sampuli ya ndani? Mimi naona nyundo itapita juu ya plasta na viraka ituambie uongo, lakini nataka kusikia kwa anayezifanya hizo kazi, na nataka kusikia kabla ya saa mbili asubuhi.