Mazoezi ya kuandika kwenye ikolojia: darasa la watu 90, nifanyeje?

mkufunzi_dar
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha ikolojia mwaka wa kwanza, darasa lina wanafunzi 90. Asaimenti ya muhula ni insha ya kurasa nane kuhusu mikoko, na inarudi na yaleyale: "mazingira ni uhai", aya za kunakili, namba hakuna. Nataka niivunje iwe mazoezi mafupi yanayotoka kwenye matope yenyewe, kule Kunduchi. Nianzie wapi, na nitasahihishaje bila kukesha?

kaa_wa_matope
Anza na mwezi. Chagua siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa zaidi. Kwa Dar, maji ya bamvua hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo ukiingia saa tatu una kama saa mbili za kazi. Siku za maji mafu, yasipopwa sana, ukanda wa mbele unabaki majini. Kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kiombwe mapema, mikoko ni hifadhi ya misitu.

Makundi 18 ya watu watano. Kila kundi fremu moja ya kulaza chini na kuhesabu kilicho ndani yake, mita 1 kwa mita 1, ya paipu za plastiki za nusu inchi na elbo nne. Mita 1 ipimwe kwa ndani. Usitie gundi kona zote: kona mbili ziachwe zifunguke, la sivyo fremu haizunguki shina. Toboa paipu matundu, maana yenye hewa huelea kwenye dimbwi. Tandika kamba tatu za mita 50 kutoka ukingo wa bahari kwenda nchi kavu, fremu kila mita 10 kuanzia sifuri. Hizo ni 18. Fremu ya kurusha ovyo watu huita sampuli ya bahati nasibu, lakini mkono hurusha palipo pakavu.

Kuandika kwenyewe: karatasi yenye safu mbili, "Nimeona" na "Nadhani". Dakika 15 za kwanza safu ya kulia haiguswi, na neno "kwa sababu" ni marufuku. Wanahesabu miche (kubalianeni kwanza: chini ya mita 1), matundu ya kaa, mizizi ya kupumulia. Na waandike aina. "Mikoko" siyo spishi moja. Tanzania ina takriban 10, na anayejumlisha mchu, mkandaa na mlilana kwenye hesabu moja ameshapoteza swali zima la mpangilio wa kanda, yaani aina ipi huota wapi kutoka baharini kwenda nchi kavu.

Nyumbani kila mmoja anaandika aya moja, maneno 120: dai, namba mbili kutoka fremu tofauti, sababu, na maelezo mengine yanayoweza kuwa kweli. Hicho cha mwisho ndicho wanachokiruka.

peni_nyekundu
Naongezea upande wa kusahihisha. Vipengele vitano, alama 2 kila kimoja: dai, namba na kizio chake, saa na hali ya maji, sababu, maelezo mbadala. Usisahihishe sarufi. Dakika mbili kwa aya, ni saa tatu kwa darasa lote.

Halafu kuna neno moja la kuwinda: "ili". "Mchu huotesha mizizi juu ili upumue." Mti hauna nia. Mwambie afute "ili" na aandike upya: matope yana oksijeni kidogo sana, mizizi iliyo juu ina vitundu vya kupitisha hewa, na miti iliyokuwa nayo ndiyo iliyoacha uzao zaidi. Sentensi inarefuka, na hapo ndipo utajua kama ameelewa uteuzi asilia au amekariri. Usiwe mkali kupita kiasi, lakini. "Tulipima ili kulinganisha" ni sahihi, binadamu ana nia.

Waruhusu rasimu kwa Kiswahili hata kama ya mwisho ni ya Kiingereza. Kosa la fikra huonekana wazi zaidi, japo utakutana na "idadi ya watu wa kaa", tafsiri ya neno kwa neno ya "population".

mbawa_nyeusi
Mimi sikubali kwamba lazima ufike pwani. Basi la watu 90 ni gharama. Kunguru wa India wapo chuoni, jamaa walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wamejaa jiji. Simama sehemu moja, hesabu kwa dakika 10, andika aya mbili za maneno 100: moja kwa mtaalamu, nyingine kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ya mwenyekiti hugeuka mahubiri mara moja. Dai liwe na namba ileile.

Mtego: jioni hukusanyika kulala pamoja. Kundi la saa sita mchana na la saa kumi na mbili jioni wakilinganisha, wataandika kwamba kunguru wameongezeka maradufu ndani ya siku moja. Mimi ningeacha watumbukie, kisha warudi kuandika upya.

mkufunzi_dar
Shukrani wakuu. Wakinakili aya je? Na waandike kwenye simu?

kaa_wa_matope
Penseli na karatasi. Wino hutapakaa, na simu ikidondoka matopeni ndiyo basi. Piga picha kila karatasi kabla hawajapanda basi. Aya ikitumia namba isiyo kwenye picha ya kundi lake, sifuri kwenye kipengele cha pili, na hakuna mjadala.