Pt100 inazidisha nyuzi 5, sensa mpya nayo vilevile

Tangi_Moto: Habari za kazi mafundi. Nina Pt100 (sensa ya joto ya platinamu) kwenye tangi la maji moto. Kipimajoto cha zebaki kinasema 60, kidhibiti kinasema 65.4. Nimeshabadilisha sensa mara mbili, hakuna kilichobadilika. Kutoka tangi hadi paneli ni mita 30, waya mbili za shaba za 0.5 mm². Halafu mchana namba inapanda kidogo kuliko asubuhi. Nitupe kidhibiti?

Mzee_wa_Omu: Usitupe kitu, kijana wangu. Jibu umeliandika mwenyewe: mita 30, waya mbili.

Pt100 ina ukinzani wa umeme wa omu 100 kwenye nyuzi 0, na kila nyuzi moja inaongeza kama 0.385. Kidhibiti hakijui omu ipi ya platinamu na ipi ya shaba, kinazila zote. Waya yako kwenda na kurudi ni mita 60, yaani omu 2 na ushee. Gawanya kwa 0.385 uone. Shaba nayo ikipata joto ukinzani wake hupanda, ndiyo maana mchana namba inahama. (Mimi nilibadilisha sensa tatu kabla sijapiga hesabu hii, kwa hiyo sikucheki.)

Hakikisha hivi: zima umeme, fungua waya pande zote mbili, zikutanishe ncha za upande wa tangi, pima omu kwenye paneli. Toa omu za nyaya za kipimio chenyewe. Kisha vuta waya ya tatu, unene uleule, ili kidhibiti kiweze kuutoa ukinzani wa njiani.

Bisibisi: Si aweke themokapo tu, ile sensa ya metali mbili tofauti zilizoungwa? Yenyewe ni volti, urefu wa waya hauisumbui.

Mzee_wa_Omu: Inasumbuliwa na mengine. Themokapo ya aina ya K inatoa kama mikrovolti 41 kwa nyuzi, tena inapima tofauti ya joto kati ya ncha mbili. Ukiirefusha kwa shaba, ncha ya pili inahamia pale ulipounga, na pale pana joto lake. Tanuri la nyuzi 1000, sawa, nampa K. Maji ya 60? Platinamu.

Tangi_Moto: Nimepata omu 2.1! Ila kidhibiti kina matundu matatu, na mawili yameungwa kwa kipande cha waya. Nikiache?

Mzee_wa_Omu: Kitoe. Kiliwekwa kukidanganya kidhibiti kwamba waya ya tatu ipo. Kwenye tundu linalobaki tupu ndipo inapoingia yako, na kule kwenye sensa iungane na waya inayotoka kwenye lile tundu jingine lililokuwa limeungwa.

Tangi_Moto: 60.2. Sensa mbili nzima ziko kwenye ndoo ya taka, naenda kuziokota.