Pikapu ya dizeli yenye turbo: Kitonga haipandi, asubuhi haiwaki

Mkulima wa Mafinga:
Wakuu, pikapu yangu inanitesa. Nikipanda mlima Kitonga na mbolea, mshale wa mizunguko ya injini ukifika 2,000 inakata pumzi na kutoa moshi mweusi. Asubuhi yenye baridi nazungusha stata weee ndiyo iwake. Filta mpya, betri nzima. Fundi wangu anataka nibadilishe turbo, ile inayosukuma hewa kwenye injini.

Fundi Dizeli:
Mkuu, shikilia hela yako kwanza! Moshi mweusi maana yake dizeli ipo, hewa haitoshi. Vua mipira ya intakula (kipoza hewa ya turbo) uikunje kwa mikono, hasa upande wa chini unaolowa oili. Ufa hujificha mpaka turbo ijaze presha.
Kuwaka ni shida nyingine. Pima hita plagi (vijiti vinavyopasha injini joto kabla ya kuwaka) kwa mita: nzima husoma omu chache tu, iliyokatika haisomi kitu.

Dereva wa Makambako:
Pia bonyeza pampu ya mkono ya dizeli kabla ya kuwasha. Ikiwa laini, kisha gari likawaka mara moja, kuna mahali panavuta hewa usiku na dizeli inarudi tangini.

Mkulima wa Mafinga:
Ahsanteni sana. Pampu ngumu, ila mpira umepasuka chini ya klipu, ufa wa urefu wa kidole. Na hita plagi mbili hazisomi. Kesho nafuata spea Iringa.