Gari la umeme la mtumba linavuma likifika kilomita 50 kwa saa

Wakuu, gari dogo la umeme, mtumba wa Japani. Hapa Mombasa, kutoka Daraja la Nyali kuelekea Bamburi linavuma mbele kuanzia 50, na sauti hupanda na mwendo. Ni mota au beringi ya gurudumu?

JIBU 1
Usimfungulishe fundi mota bado. Kwenye barabara tupu ukiwa 60, tia N (gia huru) uliache liteleze. Mlio ukipotea, shuku gia au mota. Ukibaki vilevile, yaelekea ni magurudumu. Kisha pinda taratibu kushoto: uzito huenda kulia, na uvumi ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo mbovu. Thibitisha kwa kuinua gari na kuliegemeza kwenye stendi, si jeki peke yake. Shika springi ya shoki huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Ukihisi mkwaruzo kama wa mchanga, badilisha.

JIBU 2
Kabla ya hapo, papasa tairi. Zilizolika mawimbi mawimbi huvuma sawasawa na beringi, hata mafundi hudanganyika. Zihamishe za mbele nyuma. Sauti ikihama, umeokoa pesa.

JIBU 3
Kama ni mkwaruzo, tazama diski za breki. Kwenye gari la umeme mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, pedi hazigusi diski sana, na kwa chumvi yetu hii ya bahari kutu hushika upesi. Breki kadhaa za nguvu ukiwa N huzisugua.

JIBU 1
Ikiwa ni gia, mwaga oili yake utazame vipande vya chuma. Nyaya za rangi ya chungwa, za umeme mkali, msiziguse.