Govi limekuwa jeupe na kukakamaa: je, mzee wa miaka 66 lazima atahiriwe?

Mkaazi wa Malindi: Hamjambo nyote. Kwetu ni Nyanza, ambako rika letu halikutahiriwa, ingawa nimeishi Malindi tangu ujana. Kwa muda sasa govi langu limefanya mabaka meupe, linawasha, hupasuka nikilivuta nyuma, na mkojo umeanza kutoka kwa uzi mwembamba. Dawa za fangasi hazikunisaidia, na katika zahanati moja niliambiwa ni ugonjwa wa zinaa, neno lililoniletea mtafaruku na mke wangu.

Tabibu mstaafu, Lamu: Pole sana, mzee mwenzangu. Dalili hizo zinafanana na za laikeni sklerosasi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza, kwa hiyo mama asikushuku. Huwapata zaidi wasiotahiriwa, na mkojo unaosalia chini ya govi hudhaniwa kuuchochea. Daktari akithibitisha, tiba ya kwanza huwa ni krimu kali ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi), iitwayo klobetasoli ya asilimia 0.05, inayopakwa kidogo mara moja kwa siku kwa mwezi mmoja hadi mitatu, kisha hupunguzwa taratibu. Acha sabuni hapo, osha kwa maji na mafuta laini yasiyo na manukato, na jikaushe vizuri baada ya haja ndogo. Kinachonitia wasiwasi kuliko mwasho ni huo mkojo mwembamba, kwa sababu tundu likizidi kuziba huhitaji mpasuaji wa njia ya mkojo, usikawie.

Mkaazi wa Malindi: Ahsante. Nimesikia steroidi huchuna ngozi.

Tabibu mstaafu, Lamu: Huifanya nyembamba ikipakwa ovyo, hasa zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa dukani bila kupimwa. Ikitumiwa chini ya uangalizi, madhara yake ni madogo kuliko ya ugonjwa wenyewe ukiachwa: makovu na, kwa wachache, saratani. Kidonda kisichopona au uvimbe mgumu lazima ukatwe kipande kipelekwe maabara.

Msomaji wa Mambrui: Mimi krimu haikutosha, nikatahiriwa uzeeni kwa sindano ya ganzi. Vijana wa mtaani walinitania kuhusu jando la babu, lakini mwasho umekwisha. Pima sukari kwanza, maana kisukari huchelewesha kidonda kupona, na uwaombe wasilitupe govi bali walipeleke likapimwe.