Mlango wa nyuma kwenye laptopu ya steshenari: nisafishe au nipige Windows upya?

Ngosha wa Nyegezi
Mwangaluka wakuu. Nina laptopu yangu ya Windows 10 hapa Nyegezi. Usiku ni ya nyumbani, mchana inafanya kazi za steshenari: kuchapa, kuskani, na wanafunzi wanakuja kujaza maombi ya mkopo HESLB. Sasa mambo hayaeleweki. Taa ya kamera inawaka yenyewe, Defender (antivairasi ya Windows yenyewe) inajizima, na flashi ikichomekwa mafaili yanageuka njia za mkato. Fundi mmoja mjini anataka elfu ishirini apige Windows upya. Jirani anasema antivairasi ya Malwarebytes ya bure inatosha. Mwingine kaniambia niwinde mwenyewe kwa Autoruns, programu ya Microsoft. Nisaidieni kupima, bando langu dogo.

Fundi Kimya
Kabla ya dawa, vipimo. Funga kivinjari, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika netstat -ano. Angalia mistari ya ESTABLISHED, yaani miunganisho iliyo wazi sasa hivi. Namba ya mwisho kulia ni PID, namba ya programu inayotumia muunganisho huo, itafute Task Manager kwenye Details, halafu bofya kulia ufungue mahali faili lilipo. Wadudu hupenda kujiita svchost.exe, jina la programu ya Windows yenyewe, ila ya kweli inakaa C:\Windows\System32 au SysWOW64. Ukiikuta kwingine, hasa Temp au AppData, huyo ni mgeni.

Ngosha wa Nyegezi
Ipo AppData\Local\Temp, mkuu. Imeunganishwa na anwani ya nje, poti (namba ya mlango wa muunganisho) 5552. Niiue?

Fundi Kimya
Usiiue! Chomoa intaneti kwanza. Poti peke yake si ushahidi, ila 5552 ukiijumlisha na hizo njia za mkato, mimi nasoma njRAT, programu ya mlango wa nyuma inayompa mtu wa mbali uendeshaji wa kompyuta yako. Microsoft wanaiita Bladabindi. Inasoma unachochapa, inawasha kamera, inachukua mafaili, na inajinakili kwenye flashi. Aliyeitengeneza anaweza kuiwekea kinga: ukiisimamisha kwa nguvu, kompyuta inaanguka kwa skrini ya bluu. Ndiyo maana Autoruns kwako ni nzuri kwa kuona tu, maana inaonyesha kila kinachojiwasha na mashine. Kwa kuondoa, heri Microsoft Defender Offline: inazima Windows na kukagua kabla haijaamka, kama dakika 15 hivi. Data mpya za virusi zishushe kwenye kompyuta nyingine safi, faili linaitwa mpam-fe.exe, ulilete kwa flashi ambayo haijawahi kugusa mashine hiyo.

(Huyu mdudu si wa jana. Mwaka 2014 Microsoft walikwenda mahakamani Nevada, Marekani, kwa ajili yake na mwenzake Jenxcus, wakashika majina ya intaneti ya kampuni ya No-IP yaliyokuwa yakitumika kuviongoza. Watumiaji wengi wasio na hatia nao wakakatikiwa huduma.)

Bi Kirumba
Malwarebytes msiidharau jamani. Mimi huitumia kama jicho la pili, na mara nyingine inaona kilichoipita Defender. Ila ya bure inakagua ukiiamuru tu, hailindi muda wote. Ule ulinzi mnaouona mwanzoni ni wa majaribio ya siku 14. Jirani yako kakupa nusu ya dawa.

Mjita Mpole
Mimi niko Musoma na napinga kusafisha. Antivairasi inakuonyesha inachokijua. Mlango ukishakuwa wazi, aliyeingia huenda kaleta na vingine: akaunti ya siri, kazi iliyopangwa kujiwasha usiku. Nani atakuhakikishia vyote vimetoka? Ingekuwa laptopu ya kuangalia mpira, ningesema safisha uendelee. Hii wateja wanaandikia nywila zao. Futa diski yote.

Bi Kirumba
Na bando je? Ile Reset ya kushusha Windows kutoka mtandaoni inaweza kula zaidi ya GB 4.

Mjita Mpole
Asitumie hiyo. Na ile ya kubakiza mafaili asiiguse kabisa. Atafute flashi ya GB 8 au zaidi, aende kwenye mashine safi yenye WiFi, atengeneze diski kwa Media Creation Tool ya Microsoft wenyewe. Elfu ishirini ya fundi si tatizo, tatizo ni flashi ya fundi: Windows iliyokrekiwa na aktiveta (programu ya kuiwasha bila leseni) ndani. Hapo unafunga mlango mmoja, unafungua mwingine. Pia Windows 10 iliacha kusaidiwa rasmi 14 Oktoba 2025, kwa hiyo angalia kama mashine inabeba 11.

Dogo wa Igoma
Achana na Windows, weka mfumo wa bure wa Linux Mint, maisha yaende.

Bi Kirumba
Dogo, na printa ya watu ikigoma wewe ndiye utamlipia pango?

Ngosha wa Nyegezi
😂 Nimekubali kufuta. Swali: mafaili ya wateja yaliyopo kwenye flashi zilizoharibika yamekwenda?

Fundi Kimya
Hayajaenda, yamefichwa tu. Kwenye mashine safi yenye antivairasi, chomeka flashi bila kubofya njia ya mkato yoyote, ikague, kisha andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Folda zitajitokeza. Chukua nyaraka na picha tu. Chochote cha .exe, .vbs au .lnk kiache kife na flashi ukiifomati. Flashi ndizo zitakazokurudisha hapa hata ukipiga Windows ya dhahabu.

Ngosha wa Nyegezi
Sawa. Ila Jumatatu ni siku ya mwisho kwa wanafunzi fulani. Naweza kuitumia kidogo tu mpaka hapo?

Mjita Mpole
Hapana. Azima ya jirani. Na leo hii waambie wote waliofungua barua pepe au akaunti hapo kwako wabadili nywila kwa simu zao, si kwa laptopu hiyo, na watoke kwenye vifaa vyote. Wakishamaliza wawashe uthibitisho wa hatua mbili. Na wewe mwenyewe vilevile, uanze na Gmail.